Cheti cha mitandao ninacho, kazi sipati: nianzie wapi?

Shikamoo Mshauri,

Nilifaulu mtihani wa CCNA, cheti cha kuanzia cha mitandao cha Cisco, miezi michache iliyopita. Nilisoma kwa bidii na sikugusa yale maswali ya wizi yanayouzwa mitandaoni. Tangu hapo natuma maombi ya kazi, lakini karibu kila tangazo linataka mtu mwenye uzoefu wa miaka miwili au mitatu. Nimeitwa kwenye usaili mara moja tu. Msaili alinipa hali hii: mfanyakazi amewasha kompyuta asubuhi, hapati intaneti, na kompyuta inaonyesha anwani 169.254.31.7. Akaniuliza ningeanzia wapi. DHCP, ile huduma ya kugawia kompyuta anwani, naijua, hata hatua zake nne naweza kuzitaja usingizini, lakini nilibabaika. Nikaanza kueleza tabaka saba za OSI, ule mfano wa nadharia wa mtandao, hadi akanikatiza.

Wenzangu wananishauri nipande moja kwa moja kwenda CCNP, cheti cha ngazi inayofuata. Wakati huohuo kuna ofisi inanitaka kwenye dawati la msaada, kazi yenyewe ni kurudisha nywila za watu na kuunganisha printa. Naogopa nikiingia huko mitandao nitaisahau. Ningependa kufanya mazoezi, ila nina kompyuta mpakato moja yenye RAM ya GB 8, sina ruta wala swichi. Na kuna hofu nyingine ambayo sijamwambia mtu: siku nikikabidhiwa vifaa vya kampuni, nikaandika amri mbaya na kuizima ofisi nzima, nitafanya nini?

Naomba unisaidie.

Mwenye cheti bila kazi

*

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa kufaulu kwa jasho lako.

Niruhusu nianze na swali la msaili, maana yaliyobaki katika barua yako yanategemea hilo. Anwani zinazoanza na 169.254 ni zile ambazo kompyuta hujipa yenyewe baada ya kuomba DHCP na kukosa jibu. Kwa hiyo kabla hujagusa kitu, tayari umeambiwa mambo mawili. Kwanza, kadi ya mtandao inafanya kazi na kuna kiungo hadi kifaa cha upande wa pili. Waya ungekuwa umechomoka, Windows ingesema hakuna kiungo, isingeonyesha anwani yoyote. Pili, ombi halifiki kwa seva ya DHCP, au jibu halirudi.

Swali la kumrudishia msaili ni hili: ni huyu peke yake au na majirani zake? Akiwa peke yake, tazama poti yake kwenye swichi. Huenda imewekwa kwenye VLAN (mtandao pepe ndani ya swichi) isiyo yake, au ulinzi wa poti unatupa pakiti zake bila kuizima poti, baada ya mtu kubadilisha kompyuta. Kuna sababu nyingine ambayo wengi huisahau: poti isiyowashwa PortFast husubiri sekunde 30 chini ya itifaki ya spanning tree, ile inayozuia data kuzunguka bila mwisho kati ya swichi, kabla ya kupitisha data, 15 za kusikiliza na 15 za kujifunza, na kompyuta inayowaka haraka inaweza kuchoka kuomba kabla poti haijafunguka. Ikiwa ghorofa nzima imekwama, achana na poti. Kagua tranki, yaani kiungo kinachobeba VLAN nyingi, inayopanda kwenye swichi kuu, kagua ruta inayopeleka maombi kwenye seva, kisha seva yenyewe: imezimika, au anwani za kugawa zimeisha? Ukitaka kutenganisha mambo haraka, ipe kompyuta hiyo kwa muda anwani ya mkono ambayo una hakika haitumiki. Ikifika kwenye lango, yaani ruta yake ya kutokea nje, waya na VLAN ni vizima na ugonjwa uko kwenye DHCP.

Jibu kama hilo halichukui hata dakika mbili, na kila ulichohitaji kulijibu ulikuwa nacho kichwani. Ulichokosa ni mazoezi ya kutazama dalili na kurudi nyuma hadi kwenye chanzo. Mtihani ulikupima unavyoelewa mtandao ukiwa mzima. Mwajiri anataka mtu wa kumwita mtandao unapoumwa, na ndiyo maana matangazo yanadai miaka miwili: wanatafuta mtu aliyeona mitandao ikiharibika. Mengi ya hayo unaweza kuyaona ukiwa kwako, kwa kuharibu mwenyewe.

Kompyuta yako inatosha. Packet Tracer ni bure ukijisajili na Cisco Networking Academy, na RAM ya GB 8 inaibeba bila shida. Udhaifu wake ni kwamba inaigiza tu vifaa, hivyo amri kadhaa hazimo. Ukishaizoea, weka Linux, kama mfumo mkuu au kwenye kompyuta pepe, kisha endesha ruta za FRRouting, programu ya bure ya ruta, ndani ya kontena. Kila moja hula kumbukumbu kidogo sana, kwa hiyo ruta nne au tano zitakaa pamoja bila kusukumana. Amri zake zinafanana na za Cisco. Ukipenda kuonja aina nyingine, MikroTik wana ruta pepe iitwayo CHR. Toleo la bure limebanwa kasi hadi Mbps 1 kwa kila poti, nayo yatosha kwa kujifunza. GNS3 na EVE-NG, programu za kujengea maabara pepe, ni nzuri, ila ukitaka vifaa vya Cisco ndani yake utahitaji mifumo halisi ya Cisco yenye leseni, na hiyo usiichukue kwa njia za panya.

Jenga ofisi moja ya kubuni: ruta mbili, swichi tatu, VLAN 10 ya wafanyakazi, VLAN 20 ya simu, VLAN 30 ya wageni, VLAN 99 ya kusimamia vifaa, na seva ya DHCP kwenye VLAN yake. Ikikubali kufanya kazi, hifadhi nakala, kisha ianze kuumwa kwa mpango. Nakupa makosa manne yanayotokea kazini kweli.

La kwanza ni lile la usaili wako. Ombi la DHCP hutumwa kama tangazo kwa wote, na ruta haivushi matangazo kutoka sabneti moja, yaani kipande kimoja cha mtandao, kwenda nyingine. Ndiyo sababu huwekwa amri `ip helper-address` ikifuatwa na anwani ya seva. Iondoe, tazama wateja wakipata 169.254, kisha irudishe mahali pasipo sahihi, yaani kwenye poti inayotazama seva. Haitasaidia kitu. Inatakiwa iwe kwenye poti au VLAN inayotazama wateja, kwa kuwa pale ndipo tangazo linapofikia ruta.

La pili limewahi kuzima ofisi nyingi. Tranki inapitisha VLAN 10, 20 na 99, nawe unataka kuongeza 30. Ukiandika

`switchport trunk allowed vlan 30`

hujaongeza, umefuta orodha yote na kubakisha 30 peke yake. Wafanyakazi, simu, na njia yako mwenyewe ya kuifikia swichi hiyo vimekatika papo hapo. Sahihi ni

`switchport trunk allowed vlan add 30`

Fanya kosa hili kwa makusudi mara kadhaa kwenye maabara, kila mara ukitazama `show interfaces trunk` kabla na baada, hadi mkono wako uwe unasita wenyewe ukifika kwenye neno `vlan`.

La tatu ni la hila. Gawa 192.168.10.0 katika sabneti za /26, kila moja ina anwani 64 na 62 za kutumika. Kompyuta iwe 192.168.10.20, seva ya mafaili iwe 192.168.10.130 kwenye sabneti nyingine. Sasa ipe kompyuta maski, namba inayoonyesha ukubwa wa sabneti, ya 255.255.255.0 badala ya 255.255.255.192. Lango litajibu, intaneti itafunguka, majirani watapatikana, lakini seva ya mafaili haifikiki. Kwa maski hiyo kompyuta inaamini .130 ni jirani yake wa waya mmoja, hivyo inamtafuta kwa ARP, tangazo la kuuliza nani mwenye anwani hiyo, badala ya kupeleka pakiti kwa lango, na hakuna wa kuitika. Ila ujue kwamba ruta halisi za Cisco huja na proxy ARP ikiwa imewashwa. Ruta huitika kwa niaba ya seva na kosa likajificha, hadi siku mtu atakapoizima kwa `no ip proxy-arp` na lawama zikamwangukia yeye. Ukikutana na malalamiko ya aina ya “kila kitu kinafunguka isipokuwa kile kimoja”, maski iwe miongoni mwa vitu vya mwanzo kukagua.

La nne: njia ya kurudi. Ruta ya kwanza inajua pa kupeleka pakiti za mtandao wa mbali, lakini ruta ya mbali haina njia ya kurudi kwenye VLAN 10. Ukipiga ping (ujumbe mfupi wa kupima kama kifaa kinafikika) kutoka kwenye ruta yako inajibiwa, ukipiga kutoka kwenye kompyuta kimya. Wanaoanza huhitimisha kwamba kompyuta ina kasoro. Ukweli ni kwamba ruta imetumia anwani ya poti yake inayotazama upande ule, ambayo ruta ya mbali inaijua kwa kuwa wameungana moja kwa moja. Lazimisha anwani ya chanzo iwe ya VLAN 10 na hata ruta itakosa jibu. Kwa kila ping jiulize pia jibu litarudi kwa njia gani.

Ukimaliza hayo mwombe rafiki anayejua kidogo aharibu kitu kimoja wewe ukiwa hupo, akuachie malalamiko ya mtumiaji tu, bila maelezo ya kiufundi. Weka saa. Na uweke Wireshark ikinasa pakiti wakati wote, kwa sababu kuona ombi la DHCP likitoka mara tatu bila jibu kunakaa akilini kuliko kusoma kurasa kumi juu yake.

Kila kosa liandikie tiketi fupi: dalili, ulichokagua kwa mpangilio, ulichokuta, chanzo, ulichorekebisha, ulivyohakikisha. Mistari kumi hadi kumi na tano yatosha. Ziweke GitHub au GitLab pamoja na mchoro wa mtandao, jedwali la anwani na mipangilio ya vifaa. Kabla ya kupandisha, futa nywila zote, pamoja na zile zilizofichwa kwa `service password-encryption`, maana hizo za aina ya 7 hufumbuliwa kwa sekunde. Futa na maneno ya siri ya SNMP, itifaki ya kusimamia vifaa. Na kamwe usiweke mpangilio wa mtandao wa mtu mwingine, hata ukiwa umeufanyia kazi wewe.

Folda hiyo ndiyo inayobadilisha wasifu wako. Sentensi kama “nina ujuzi wa OSPF, VLAN na DHCP” imo kwenye kila wasifu anaousoma mwajiri. Andika badala yake: “Nimejenga mtandao wa maabara wenye VLAN tano na ruta mbili za OSPF, nimetambua na kurekebisha hitilafu kumi na mbili, maelezo yapo hapa,” kisha kiungo. Idadi iwe ya kweli, kwa sababu atachagua moja na kukuuliza. Uite mtandao huo kila mara kwa jina lake, maabara. Usiuvishe joho la ajira.

Halafu badilisha unachoomba. Kwa cheti cha kuanzia, nafasi yenye jina la mhandisi wa mitandao mara nyingi ni ngazi ya pili. Tafuta kituo cha uangalizi wa mtandao, kile wanachokiita NOC, ambako utakesha zamu ukitazama viashiria, kufungua tiketi na kupandisha matatizo kwa wakubwa. Zamu za usiku zinachosha, sitakuficha, lakini hakuna mahali pengine utakapoona hitilafu nyingi hivyo kwa muda mfupi. Tafuta kampuni za intaneti zinazotaka mafundi wa kwenda kwa wateja, kampuni zinazohudumia mitandao ya ofisi ndogondogo, na wakandarasi wa nyaya. Usiidharau kazi ya nyaya. Anayejua mpangilio wa T568B bila kutazama (mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, bluu, mweupe-bluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia), anayejua kwamba kebo ya shaba ina kikomo cha mita 100, yaani 90 za ukutani na 10 za vipande vya mwisho, na anayetambua kwamba kiungo kilichoshuka kutoka gigabiti 1 hadi megabiti 100 mara nyingi kina jozi moja iliyokatika, huyo anamaliza matatizo ambayo mwenye vyeti vitatu anayatafuta siku nzima kwenye skrini. Gigabiti inahitaji jozi zote nne. Megabiti 100 hutosheka na mbili.

Sasa dawati la msaada. Jina la kazi lisikuamulie. Waulize kabla ya kukubali: tiketi za mtandao nani anazishughulikia, na je, dawati linaruhusiwa kuingia kwenye swichi hata kwa kusoma tu? Wapo watu wa mitandao katika ofisi hiyohiyo, au wamekodiwa kutoka nje? Waliokaa kwenye dawati kabla yako walienda wapi? Kama timu ya mitandao iko ukumbi mmoja nawe na dawati linaweza kuona hali ya poti, ichukue. Mtu wa dawati anayepandisha tiketi ikiwa na anwani ya IP, anwani ya MAC, namba ya poti, VLAN na maneno “majirani wawili hawana shida” hukumbukwa haraka na wahandisi, kwa kuwa amewapunguzia nusu ya kazi. Kama mitandao yote imekodiwa nje na waliotangulia wamekaa miaka hapohapo, ichukue tu ikiwa unahitaji kipato, huku ukiendelea kuomba kwingine.

Kuhusu CCNP, subiri. Si kwamba ni mtihani mbaya. Ila mwajiri akiona cheti cha ngazi ya juu bila siku moja ya kazi, anapata shaka, na maswali ya usaili yanapanda kulingana na cheti ulichoonyesha. CCNA yako inadumu miaka mitatu, na kufaulu mtihani wa msingi wa CCNP baadaye kutaihuisha yenyewe, kwa hiyo kuna nafasi ya kuupangia ukiwa tayari kazini. Muda uliotaka kuutumia huko, utumie kwenye Linux ya kawaida na Python kidogo. Otomatiki ni asilimia 10 ya mtihani uliofaulu, lakini kazini inakua. Anza na kitu kimoja chenye faida: programu fupi ya Netmiko, maktaba ya Python, inayoingia kwenye vifaa vyako, inachukua nakala ya mipangilio na kuihifadhi kwa tarehe. Ikiwezekana iongezee kulinganisha ya leo na ya jana.

Jambo moja la kufanya kila siku, kwa dakika kumi: kugawa sabneti kwa kichwa. Ukiulizwa 172.16.5.77/27, jibu litoke bila kalamu. Hatua ni 32, kwa hiyo mtandao ni 172.16.5.64, tangazo ni .95, za kutumika ni .65 hadi .94, jumla 30. Ukichelewa hapa usaili hupoa hata kama mengine unayajua.

Nimeiacha hofu yako mwishoni kwa sababu ndiyo niliyoipenda zaidi katika barua yako. Asiyeogopa kifaa cha kazini ni wa kuogopwa. Hofu hiyo ina taratibu zake. Usibadilishe kitu kwenye kifaa kinachohudumia watu bila ruhusa na muda uliokubaliwa. Chukua nakala ya mpangilio wa sasa. Andika kando, kabla ya kuingia, amri utakazoandika na amri za kurudisha hali ya zamani. Kagua jina la kifaa mbele ya kila amri. `Shutdown` nyingi za bahati mbaya zimeandikwa kwenye dirisha la jirani. Usiwashe `debug`, amri ya kuonyesha kila tukio, kwenye ruta yenye kazi nyingi, inaweza kuilemea hadi ikaacha kukujibu.

Ukiwa unarekebisha kwa mbali kwenye Cisco, andika kwanza `reload in 10`. Kifaa kitajizima na kuwaka upya baada ya dakika kumi kikiwa na mpangilio uliohifadhiwa. Fanya badiliko lako, lipime. Likikukatia njia, subiri tu, kifaa kitarudi kilivyokuwa. Likifaulu, andika `reload cancel`, na hapo ndipo unapohifadhi kwa `copy running-config startup-config`. Ukihifadhi kabla ya kupima umejifungia nje, kwa sababu kifaa kitawaka na kosa lilelile. Kumbuka pia kuwa kuwaka upya hukata kila mtu aliyeungana na kifaa hicho, hivyo hata kinga hii ni ya ndani ya muda ulioruhusiwa. Pale ambapo kumbukumbu ya mipangilio imewekwa kwa amri ya `archive`, kuna njia laini zaidi: ingia kwa `configure terminal revert timer 10`, fanya badiliko, kisha thibitisha kwa `configure confirm`. Usipothibitisha, mpangilio unarudi wenyewe bila kifaa kuzimika.

Na ikitokea umekata kitu, mwambie msimamizi wako palepale: amri niliyoandika ni hii, saa ni hii, nakala ya zamani iko hapa. Akiwa na mambo hayo matatu anaweza kurejesha huduma kwa dakika chache. Akinyimwa, ataanza kutafuta kutoka mwanzo huku simu zikilia.

Anza na ile VLAN 10 wikendi hii.